Uduvi wa Kwenye Trei za Keki

Mama yake Fundi aliitwa Mama Ufagio tangu ujana wake, na jina hilo alilipenda. Kwake usafi haukuwa kazi. Ulikuwa tabia, kama wengine walivyo na tabia ya kuimba. Akiingia nyumba ya mtu husalimia, huketi, hunywa maji, halafu vidole vyake huanza kutafuta vumbi vyenyewe. Kwa hiyo Fundi, mwanawe wa mwisho, alipooa na kuhamia mji wa ukingoni mwa jangwa, ndugu walimcheka mama mapema.

"Huko mchanga unaingia hadi kwenye chupa iliyofungwa," walimwambia. "Utafagia mpaka lini?"

"Mpaka mchanga uchoke."

Fundi alitengeneza friji na viyoyozi, kazi ambayo katika mji ule wa joto haikumpa nafasi hata ya kukata kucha. Mkewe alikuwa mtafiti wa chuo. Alichunguza viumbe wa jangwani, mijusi, vyura, sisimizi na miti ya miiba, lakini hasa alipenda vijidudu vya majini. Ukweni walimpachika jina la Profesa, na kila akisema bado hajafika huko, ndivyo jina lilivyozidi kunata. Mama Ufagio alimpenda mkwe wake. Kulikuwa na jambo moja tu lisilomwingia akilini.

"Mtu anasomea wadudu wa majini, halafu anakwenda kuishi mahali pasipo na maji," alimwambia dada yake. "Ni kama kinyozi kufungua duka kwenye nchi ya vipara."

Mwaka wa pili wa ndoa ile akafunga safari kwenda kuwatembelea. Alimkuta Profesa akipakia mahema kwenye gari la chuo, anakwenda porini kwa siku chache na wanafunzi wake. Profesa aliona aibu kumwacha mgeni.

"Nenda mwanangu, kazi ni kazi," Mama Ufagio alimwambia. "Mimi si mgeni wa kushikwa mkono."

"Basi, Mama, jisikie uko nyumbani. Fanya kama kwako."

Yale maneno ni ya heshima, kila mtu huyasema. Kwa Mama Ufagio yalikuwa ruhusa rasmi.

Siku ile ya kwanza alimaliza sebule na jikoni. Siku iliyofuata alifungua chumba kidogo cha nyuma, ambacho mwanawe alikiita stoo na mkwewe alikiita ofisi. Kilikuwa na rafu za chuma, mitungi ya vioo yenye mijusi, hadubini iliyofunikwa kwa kitambaa, na maboksi. Mitungi hakuigusa, wale mijusi walikuwa wanamtazama. Lakini kwenye rafu ya chini kabisa, zikiwa zimefungwa kwa magazeti, alikuta trei tatu za kuokea keki. Trei nzuri, nzito. Ndani yake kulikuwa na matope yaliyokauka yakawa magumu kama tofali, yamepasuka vipande vipande.

Alizitazama muda mrefu. Kisha akatikisa kichwa kwa huruma ya mama aliyegundua kwamba mwanawe halishwi keki.

Alijaribu kuyakwangua kwa kisu, yakagoma. Akaona dawa ni kuyaloweka. Maji ya bomba ya mji ule yana chumvi, sabuni haitoi povu hata uisugue mpaka usiku, lakini pembeni ya mlango Fundi alikuwa ameweka ndoo kubwa ya maji yanayodondoka kwenye viyoyozi, safi, baridi, hayana ladha yoyote. Alikuwa anayatumia kwenye betri na pasi. Mama Ufagio akayamimina yote kwenye beseni pana la bluu, akazamisha trei, matope yakaanza kulegea. Jioni alizitoa trei, akazisugua zikang'aa, akazianika ukutani. Beseni lenye matope aliliacha nyuma ya jiko chini ya upenu, akisema atalimwaga kesho.

Kesho yake binti wa fundi cherehani, jirani wa nyumba ya tatu, alijifungua. Mama Ufagio hawezi kusikia mtoto amezaliwa akakaa. Alikwenda kuosha nepi, kupika uji na kutoa ushauri ambao hakuombwa, na akawa anarudi kulala tu. Beseni likasahaulika.

Alipolikumbuka, matope yalikuwa yametuama chini na maji juu yamekuwa na rangi ya chai ya rangi. Akainama. Maji yalikuwa yanacheza. Vitu vidogo, vyeupe, kama chembe za unga zilizopata roho, vilikuwa vikiruka ruka kila upande.

"Mbu hawa," alisema peke yake. Akalishika beseni pande mbili, akaliinua hadi kiunoni ili akalimwage kwenye mchanga.

Wakati huohuo geti likalia. Profesa aliingia na mkoba mgongoni, buti zimejaa vumbi, uso umeungua na jua, anatabasamu. Akaona trei zinang'aa ukutani. Tabasamu likabaki mahali pake lakini macho yakatoka. Akaona beseni.

"Mama," alisema taratibu sana, kama mtu anayezungumza na mtoto aliyeshika kisu. "Naomba uliweke chini hilo beseni. Polepole."

Mama Ufagio akaliweka. Profesa akapiga magoti, akachungulia, akakaa kwenye ngazi ya jiko bila kuvua mkoba. Mama mkwe wake akajua amefanya jambo, ila hakujua ni lipi.

"Mwanangu, ni yale matope?"

"Ndiyo, Mama."

"Yalikuwa ya dawa?"

"Yalikuwa na mayai."

Profesa akamweleza. Upande wa mashariki wa mji kulikuwa na dimbwi pana, bapa kama sahani, ambalo hukauka kabisa na kukaa hivyo miaka. Mvua ikinyesha linajaa, na ndani ya siku moja au mbili wanaanguliwa uduvi wa aina yake, wanakua haraka, wanataga, na maji yakikauka wanakufa. Mayai yanabaki kwenye udongo yakingoja mvua nyingine, hata kama itachelewa miaka kumi. Sasa lile dimbwi liko chini ya barabara mpya. Profesa aliwahi kuchota udongo kabla ya matingatinga kufika, na kwa kuwa siku hiyo hakuwa na vyombo vingine, alichota kwa trei zake za keki za harusi. Alikuwa anangoja chuo kimpe chumba chenye ubaridi ndipo awaangue kwa utaratibu.

"Kwa hiyo udongo wote uliobaki wa dimbwi hilo," alisema Mama Ufagio, "ni huo niliouloweka."

"Ndiyo."

"Basi nimeua ukoo mzima."

Profesa alimtazama, akaona yule mama ambaye hajawahi kukosa neno ameshika mdomo kwa ncha ya khanga. Hasira aliyokuwa nayo ikapoa, hakujua imekwenda wapi.

"Hujawaua, Mama. Umewaamsha. Na umewaamshia maji sahihi, maana ya bomba yangewamaliza. Shida ni kwamba wameamka na mimi sina pa kuwaweka. Wakiishi mpaka watage, ukoo unaendelea. Wakifa kabla ya hapo, ndiyo basi."

Mama Ufagio akapandisha mikono ya gauni lake. "Wanakula nini?"

"Vijimea vya kwenye maji. Hapa tutawapa hamira, kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani? Mimi napika kwa macho."

"Kiasi cha kushikwa na vidole viwili. Ukizidisha, maji yanaoza."

Hivyo ndivyo nyumba ya Fundi ilivyogeuka hospitali ya uduvi. Profesa alikwenda kazini asubuhi akiwa na wasiwasi na kurudi mchana akiwa na wasiwasi zaidi. Mama Ufagio alikaa na beseni. Alilisogeza kadiri kivuli kilivyosogea. Kerengende walipoanza kuzunguka, na kunguru mmoja mwenye tamaa alipotua ukingoni, alikwenda kwa fundi cherehani kuomba chandarua kikuukuu, wakashona kifuniko chenye lastiki kama kofia ya kuogea. Fundi naye alipewa kazi ya kuleta maji. Kila kiyoyozi alichotengeneza, alikinga maji yake. Wateja walizoea kumwona akiondoka dukani na vidumu, na mwuza duka mmoja, aliposikia maji ni ya mama yake, alimwuliza kama mama huyo ni mganga.

"Ni mkunga," Fundi alijibu, akaenda zake.

Uduvi wakakua. Chembe za unga zikapata miguu mingi ya kupepea kama unyoya, macho mawili meusi, na mkia mwekundu. Kilichomshangaza Mama Ufagio ni kwamba wote waliogelea chali.

"Hawa wamelelewa vibaya," alimwambia mkwewe. "Tangu asubuhi wamelala chali, hakuna hata mmoja aliyegeuka."

"Ndivyo walivyoumbwa, Mama."

"Basi na mwanangu ni wa ukoo huo. Nenda kamwangalie kwenye kochi."

Kulikuwa na siku moja mbaya. Umeme ulikatika mji mzima, viyoyozi vikanyamaza, na joto likapanda mpaka mbwa wakaacha kubweka. Ilipofika mchana uduvi walikuwa wamezama chini, miguu yao inapepea kwa uvivu. Profesa aliitwa kwa simu, akaja mbio. Barafu haikuwepo popote. Akatazama huku na huku, akauona mchanga.

"Mama, kuna karai kubwa kuliko beseni?"

Lilikuwepo la kuogea. Wakaliweka upenuni, wakalijaza mchanga, wakaulowesha kwa maji ya bomba mpaka ukashiba, kisha wakalizamisha beseni katikati ya mchanga ule mbichi. Profesa alimweleza kwamba maji yakipotea hewani huondoka na joto, kama vile mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa. Wakakaa pande mbili, mmoja anamwagia mchanga, mwingine anapepea kwa kifuniko cha sufuria, wanapokezana. Jua lilipoanza kushuka, uduvi wa kwanza akapanda juu. Kisha wa pili. Wakawa wanapanda kama watu wanaotoka nje baada ya usingizi wa mchana.

"Leo ndiyo mara ya kwanza mchanga umenisaidia," alisema Mama Ufagio. Nywele zake zilikuwa zimejaa mchanga na hakuwa amegundua.

Baada ya hapo mambo yakaenda vizuri. Asubuhi moja Profesa alichukua uduvi mmoja kwa kijiko, akamwonyesha mama mkwe wake kifuko chini ya mkia wa jike. Ndani kulikuwa na vidoti vya kahawia.

"Mimba?"

"Mayai, Mama. Karibu majike wote wanayo."

Mama Ufagio akacheka mpaka akajishika kiuno. "Wameingia nyumba hii juzi tu na tayari wana mimba. Kuna wengine wana mwaka wa pili, wangejifunza kwa wenzao."

Profesa alijifanya anasafisha kijiko.

Mayai yalishuka na kulala kwenye matope. Ndipo Profesa akasema sasa wasiongeze maji tena. Beseni liachwe wazi, jua lifanye kazi yake, litakauka upesi. Mama Ufagio aliitikia. Lakini siku zikapita na beseni halikukauka. Maji yalishuka kidogo mchana, na asubuhi yalikuwa palepale. Profesa akapima, akakuna kichwa. Akadhani labda upepo unaleta unyevu, akadhani labda mchanga wa kwenye karai bado una maji. Fundi ndiye aliyefumbua fumbo, naye hakukusudia.

"Nani anakunywa maji yangu ya betri?" aliuliza wakiwa mezani. "Kidumu cha jana kimefika nusu."

Mama Ufagio akainamia sahani yake kama mtu anayesoma gazeti.

Walipobaki wawili, Profesa alisogea karibu naye.

"Mama, ni wewe unayeongeza maji?"

"Kikombe kimoja tu. Alfajiri." Kisha akasema, "Vikombe viwili."

"Tulikubaliana yakauke."

"Wewe ulikubali. Mimi niliitikia tu." Mama Ufagio alinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo. "Mwanangu, nimewalisha kwa vidole vyangu. Yupo mmoja mwenye mkia uliokatika, kila asubuhi huja pembeni nikifunua. Nilee kiumbe namna hiyo, halafu nikae nimwangalie anakauka? Sina moyo huo. Watoto wangu wote wameondoka nyumbani, huyu wako ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kule kwangu nafagia sebule ambayo hakuna aliyeichafua."

Profesa alikuwa na maelezo tayari, kama yale anayotoa darasani, akayaweka kando. Kesho yake hakwenda chuoni. Alimpakia mama mkwe wake kwenye gari, wakavuka nyumba za mwisho za mji, wakaingia jangwani.

Mama Ufagio alikuwa hajawahi kufika huko. Alitegemea kuona mchanga mtupu. Aliona nchi ya changarawe na vichaka vikavu, kimya, na anga kubwa. Profesa alisimama kwenye kichaka kilichoonekana kuni tupu, akakwangua gome kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na kijani kibichi. Akamwonyesha mashimo ya sisimizi na rundo la makapi nje ya kila shimo. Ndani, alisema, kuna ghala la mbegu za majani ya mvua iliyopita. Akamwonyesha mjusi akinyanyua miguu miwili miwili, mchanga usimchome. Wakafika kwenye dimbwi dogo kavu, ng'ambo ya ile barabara mpya. Udongo wake wa juu ulikuwa umezolewa na wajenzi, umebaki kama kidonda.

"Chini ya hapa, pengine kina cha mkono wangu, kuna vyura," alisema Profesa. "Wamejifunika kwa ngozi zao wenyewe, wamelala. Wapo hai. Hawana haraka."

"Na uduvi?"

"Hapa hawapo tena, udongo wao ulichukuliwa. Wale wa kwetu ndio ndugu zao. Mayai yao nataka kuyaleta hapa. Lakini, Mama, hayawezi kuanguliwa mpaka yakauke kwanza. Yakibaki kwenye maji hayaamki, mwisho yanaoza."

Mama Ufagio alitembea mpaka katikati ya dimbwi, akakanyaga kanyaga kama mtu anayepima sakafu. Aliporudi alikuwa amenuna kidogo, lakini kununa kwa mtu aliyekwisha kubali.

"Ni kama maharage ya mbegu," alisema. "Ukiyaweka ghalani mabichi, unayapoteza yote."

"Ndivyo hasa."

"Ungeniambia maharage tangu mwanzo, ningekuelewa bila kuchoma petroli."

Hakuongeza maji tena. Siku maji yalipobaki kina cha kucha, alikwenda kushinda kwa fundi cherehani kumbeba yule mtoto mchanga, na hakutaka mtu amsimulie. Beseni lilipokauka kabisa, Profesa aliweka kipande cha udongo chini ya hadubini na kumwita. Mama Ufagio akafumba jicho moja, kisha akagundua amefumba lile alilopaswa kutazamia, akabadilisha. Aliona vitu vya mviringo, vingi mno, vimepangana kama pilipili manga kwenye mtungi.

"Hawa wote?"

"Hawa ni wa kipande kimoja tu."

"Nyumba itahitaji trei nyingine," alisema.

Wiki ile alirudi kwao. Nusu ya udongo ilibaki chuoni, ndani ya mikebe iliyoandikwa kwa herufi kubwa ili asije akatokea mtu msafi. Nusu nyingine Profesa na wanafunzi wake waliiponda na kuitandaza kwenye dimbwi la ng'ambo ya barabara. Kisha wakangoja. Mawingu yalikuja yakapita. Mama Ufagio alipiga simu karibu kila jioni, na kabla ya salamu aliuliza kama kumenyesha. Fundi alilalamika kwamba zamani mama yake alikuwa akiuliza habari za afya yake.

Mvua ilikuja mwaka uliofuata, asubuhi moja bila kuaga. Ilipiga mabati siku nzima, mitaa ikawa mito, na watu wazima walitoka nje wakasimama tu, nguo zimewagandama, wanacheka. Profesa alipiga simu. Mama Ufagio alipanda basi la kwanza.

Njia ya jangwani ilikuwa imekatwa na maji, ikapita wiki nzima na zaidi ndipo wakaenda wote watatu, gari likiteleza. Nchi ile ya changarawe ilikuwa imevaa. Vimea vidogo vyenye maua meupe vilikuwa vimetoka kila mahali, vichaka vya kuni vimejaa majani, na vipepeo walikuwa wengi mpaka Fundi alifunga dirisha. Dimbwi lilijaa maji ya rangi ya chai. Mama Ufagio alivua viatu, akaingia mpaka magotini, akainama.

Alikaa ameinama muda mrefu. Profesa alisogea mpaka ukingoni mwa maji.

"Wamelala chali," alisema Mama Ufagio bila kuinua kichwa. "Wamejaa tele, na wote wamelala chali."

Profesa aliingia majini na buti zake. Wakakumbatiana katikati ya dimbwi, na Fundi, ambaye alikuwa amejiapiza hatalia kwa sababu ya wadudu, alijishughulisha na tairi la gari.

Ndege mmoja mwenye miguu mirefu alitua upande wa pili, akaanza kudonoa. Mama Ufagio alinyanyua mwavuli amfukuze. Profesa akamshika mkono.

"Mwache, Mama. Atakula baadhi, lakini mayai mengine yatanasa kwenye miguu yake, mengine yatapita tumboni salama. Akiruka kwenda dimbwi jingine, anawapeleka."

Mama Ufagio akamfikiria yule ndege, akashusha mwavuli.

"Haya, kula basi," alimwambia. "Hiyo ndiyo nauli yao. Lakini ufike nao."

Jua likalegea, na vyura wakaanza. Kwanza alilia mmoja, kutoka upande wa vichaka, kisha walijibu kumi, kisha hapakuwa na namna ya kuhesabu. Ilibidi watu wazungumze kwa kupaza sauti. Mama Ufagio alitoa simu kwenye mkoba, akampigia dada yake.

"Sikiliza," alisema, akainyoosha simu kuelekea majini, akaishika hivyo mpaka mkono ukachoka. Akairudisha sikioni.

"Mko wapi?" dada yake aliuliza. "Mbona kelele zote hizo?"

"Jangwani."

"Jangwani kuna watu wengi hivyo?"

"Wengi," alisema Mama Ufagio. "Njoo uwaone. Nitakupokea stendi."